Namna ya Kusoma na Kujadili Kitabu cha Mwanzo Mkiwa Kikundi

Maswali huwa ni yaleyale kila kikundi kipya kinapoanza. Tusome sura ngapi kwa wiki? Orodha za vizazi tuzifanye nini? Kaini alimtoa wapi mke? Ni lazima awepo mchungaji, padre au katekista? Na baada ya wiki chache huja jingine, linaloulizwa kwa sauti ya chini: mbona watu wanapungua?

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa kazi, au uliyejitwika mwenyewe, ya kuwakusanya watu wasome kitabu hiki hadi sura ya 50. Teolojia nimeigusa kidogo sana. Jambo moja nalisema mapema kwa kuwa hatua zote zinalitegemea: vikundi vingi hufia ndani ya sura tatu za kwanza, pale mjadala unapoyaacha maandiko na kuhamia kwenye mabishano ambayo kila mtu alikuja nayo kutoka nyumbani. Kazi yako kubwa ni kuwarudisha watu kwenye mstari ulioandikwa, leo, kesho na keshokutwa, mpaka wazoee kurudi wenyewe.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wanne hadi kumi. Wakizidi hapo, wapole hawapati nafasi ya kusema. Gawaneni makundi mawili.
- Biblia kwa kila mtu. Ni vizuri ziwepo tafsiri mbili, kwa mfano ile ya Union ya 1952 na Habari Njema. Waambieni wageni mapema kwamba majina hutofautiana: Nuhu, Ibrahimu, Lutu, Hajiri na Yusufu wa Union ndio Noa, Abrahamu, Loti, Hagari na Yosefu wa Habari Njema. Hapa nitatumia ya Union.
- Saa moja na nusu, siku ileile kila wiki.
- Mtunza muda, ambaye asiwe wewe unayeongoza mjadala.
- Karatasi kubwa ya kuchora ukoo. Anzeni na Tera na wanawe watatu, Abramu (ndiye Ibrahimu wa baadaye), Nahori na Harani, kisha mwongeze kila jina linapotokea. Mtakapofika sura ya 24 mtajua mara moja kwamba Rebeka ni mjukuu wa Nahori, na kwamba Labani, baba yao Lea na Raheli, ni kaka yake Rebeka. Bila karatasi hii, sura za 24 hadi 31 huwachanganya hata wasomaji wazuri.
- Karatasi ya pili, ya maswali kiporo. Matumizi yake yako katika hatua ya 5.
- Ramani inayoonyesha Uru, Harani, Shekemu, Betheli, Hebroni, Beer-sheba na Misri. Nyingi ziko mwishoni mwa Biblia zenyewe.

Kiebrania hakihitajiki. Mtaalamu hahitajiki. Vitabu vya ufafanuzi viacheni kabatini walau kwa nusu ya kwanza ya safari. Kikiwepo mezani, watu huacha kusoma na kuanza kusubiri kuambiwa jibu.

Hatua ya 1: Pangeni ratiba ya kitabu kizima

Msianze kwa kusema “tutaona tutakapofika”. Andikeni ratiba hadi mwisho ili kila mtu ajue kuna siku mtamfikia Yusufu. Wayahudi hukisoma kitabu hiki katika sinagogi kila mwaka kwa mafungu 12 ya kila wiki, kwa hiyo mwendo wa haraka unawezekana. Kwa kikundi kinachojadili, mimi napendekeza vipindi 20.

Sura 1–11, vipindi vitano: 1:1–2:3, 2:4–3:24, 4–5, 6–9, 10–11.

Ibrahimu, vipindi sita: 12–14, 15–17, 18–19, 20–21, 22–23, 24:1–25:18.

Yakobo, vipindi vinne: 25:19–28:22, 29–31, 32–33, 34–36.

Yusufu, vipindi vitano: 37–38, 39–41, 42–45, 46–47, 48–50.

Angalia kwamba kipindi cha kwanza kinaishia 2:3, wala hakiishii mwisho wa sura ya 1. Siku ya saba iko katika mistari mitatu ya kwanza ya sura ya 2, na ukikata mwishoni mwa sura ya 1 unaiacha juma bila pumziko lake. Mgawanyo wa sura uliwekwa katika karne ya 13, muda mrefu sana baada ya kitabu kuandikwa. Kitabu chenyewe kina alama zake: maneno “vizazi vya...” ambayo hufungua sehemu mpya katika 2:4, 5:1, 6:9, 10:1, 11:10, 11:27, 25:12, 25:19, 36:1 na 37:2. Zipigieni mstari siku ya kwanza. Zitawasaidia kujua mko wapi.

Onyo: msiongeze vipindi vya sura 1–3 hata watu wakiomba. Waombao ni wawili watatu wenye hoja. Wengine wamenyamaza wakisubiri hadithi iendelee.

Hatua ya 2: Kubalianeni siku ya kwanza

Makubaliano machache yanatosha, lakini yasemwe kwa kinywa na kila mtu aitikie.

La kwanza, anayetoa hoja aonyeshe mstari. Mtu yeyote anaweza kuuliza “mstari wa ngapi?” bila kuonekana mkorofi. La pili, hatuendi kwenye kitabu kingine cha Biblia mpaka tumemaliza kuangalia kifungu cha leo. Hili litawaudhi waliozoea kuruka kutoka Mwanzo kwenda Warumi kwa pumzi moja; shikilieni. La tatu, siri ya mtu aliyoitoa hapa inabaki hapa. La nne, yeyote akipewa zamu ya kusoma au kujibu anaweza kusema “napita”, na asiulizwe sababu. Wapo wenye macho mabovu, na wapo ambao kusoma kwa sauti mbele ya watu kuliwaumiza tangu shuleni. Usipoweka ruhusa hii hawatakuambia. Wataacha tu kuja.

Hatua ya 3: Jiandae, lakini usiandae hotuba

Wanakikundi wasome kifungu chote nyumbani mara moja. Wewe soma mara tatu, siku tofauti. Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili weka alama kwenye kila kinachorudiwa, kila umri na kila swali ambalo mtu katika hadithi anamuuliza mwenzake. Mara ya tatu andika maswali matano, yasizidi.

Umri hasa usiupuuze. Abramu anaondoka mji wa Harani akiwa na miaka 75 (12:4), na Isaka anazaliwa yeye akiwa na miaka 100 (21:5). Kwa msomaji ni kurasa chache. Kwao ni miaka 25 ya kungoja. Kati ya mstari wa mwisho wa sura ya 16 na mstari wa kwanza wa sura ya 17 imepita miaka 13 isiyosimuliwa hata kidogo. Yusufu anatajwa akiwa na miaka 17 (37:2), anasimama mbele ya Farao akiwa na 30 (41:46), na ndugu zake wanapomtambua imeshapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa. Kisha Yakobo anaishi Misri miaka 17 (47:28), idadi ileile ya miaka aliyokuwa na Yusufu kabla hajauzwa. Leta jambo moja kama hilo kwenye kipindi, uwaache wenyewe wahesabu. Watu wakigundua kitu kwa hesabu yao hawakisahau.

Hatua ya 4: Someni kwa sauti

Hata kama wote wamesoma nyumbani, fungueni kwa kusoma kwa sauti. Msisome sura zote za wiki; chagua sehemu ya mistari 15 hadi 30 ambayo ndiyo kiini.

Gawaneni sauti: mmoja msimulizi, mwingine Mungu, mwingine Ibrahimu, na kadhalika. Jaribuni na 18:22–33, Ibrahimu anapoiombea Sodoma akianza na wenye haki 50, akashuka 45, 40, 30, 20, akaishia 10. Ukisoma peke yako kimyakimya ni orodha ya namba. Watu wawili wakisoma kwa zamu, kila mtu chumbani anasikia jinsi Ibrahimu anavyoomba ruhusa tena na tena na jinsi Mungu asivyokasirika.

Sura ya 24 ndiyo ndefu kuliko zote, mistari 67, na mtumishi wa Ibrahimu, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke, anasimulia upya yale tuliyokwisha kuyasoma. Msiiruke kwa sababu hiyo. Mtu mmoja asome 24:22–27, mwingine asome 24:45–48, wengine watafute tofauti. Wataona kwamba kisimani pale mwanzoni alimpa Rebeka pete na vikuku kwanza ndipo akauliza “wewe ni binti wa nani?”, lakini anapowasimulia wenye nyumba anasema aliuliza kwanza ndipo akatoa. Kwa nini aigeuze? Hapo mna nusu saa ya mjadala mzuri, na hakuna aliyehitaji kitabu cha ufafanuzi.

Hatua ya 5: Semeni mlichokiona kabla ya mnachofikiri

Hii ndiyo hatua inayoamua kama kikundi kitaishi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kwa dakika 15 hadi 20 baada ya kusoma, hairuhusiwi kusema “hii inatufundisha”. Kinachoruhusiwa ni “naona”: nani yupo, nani anasema, nani hasemi, nini kimerudiwa, nini tulitegemea kiwepo na hakipo.

Chukueni sura ya 4. Kikundi kisichozoea kitasema mara moja kwamba inatufundisha tusiwe na wivu, na mjadala umekwisha. Kikundi kinachotazama kitaona mengi. Habili hasemi neno hata moja katika hadithi nzima. Kinachosema ni damu yake (4:10). Neno “ndugu” linarudi karibu kila mstari pale kwenye mauaji na maswali yanayofuata. Mungu anazungumza na Kaini kabla ya kosa (4:6–7), na baada ya kosa anamwekea alama ya kumlinda (4:15). Maandiko yanaeleza Habili alileta nini na Kaini alileta nini, lakini hayatoi sentensi inayoanza na “kwa sababu” kueleza kwa nini sadaka moja ilikubaliwa. Mungu alimuuliza Adamu “Uko wapi?” katika 3:9; sasa anamuuliza Kaini “Yuko wapi Habili ndugu yako?” katika 4:9. Ukishaviweka hivi vyote mezani, lile somo la wivu litakuja, ila litakuja likiwa na uzito.

Hapa ndipo pia swali la mke wa Kaini hutokea. Mstari wa 4:17 unamtaja bila kueleza alitoka wapi. 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume kwa wake. Soma mistari hiyo miwili, andika swali kwenye karatasi ya viporo, endeleeni. Maswali kiporo si maswali ya kipuuzi, na usiyaseme hivyo. Ni maswali ambayo kifungu cha leo hakiyajibu. Kila baada ya vipindi vitano tengeni dakika 30 za kuyarudia; mtashangaa ni mangapi yameshajibika njiani.

Hatua ya 6: Ulizeni maswali yanayofungua

Swali bovu lina jibu moja ambalo kila mtu analijua: “Je, Sarai alikosea kumtesa Hajiri?” Watu wataitikia ndiyo na kukutazama. Jaribu hivi badala yake: “Katika sura ya 16, ni nani anayemwita Hajiri kwa jina lake anapozungumza?” Watafute. Sarai anasema “mjakazi wangu”, Abramu anasema “mjakazi wako”, na wa kwanza kutamka jina lake ni malaika wa BWANA huko jangwani (16:8). Kisha mtumwa huyu Mmisri naye anampa Mungu jina (16:13). Nyamaza baada ya hapo. Hutahitaji swali la pili kwa muda.

Mifano mingine ya kukusaidia:

Katika 1:1–2:3 mimea inatokea siku ya tatu, jua na mwezi siku ya nne, mwanadamu mume na mke kwa pamoja siku ya sita. Kuanzia 2:4 anaumbwa mwanamume, inapandwa bustani, wanaletwa wanyama, ndipo mwanamke. Usiifiche tofauti hii kwa kuogopa kutikisa imani ya watu. Wataiona wenyewe, na watajiuliza kwa nini hukuwaambia. Uliza: kila simulizi inataka tumwone Mungu akifanya nini ambacho nyingine haionyeshi?

Katika sura ya 22, uliza kwa nini mtu aliyebishana kwa ajili ya Sodoma hasemi neno la kumwombea mwanawe.

Katika sura ya 37, uliza ni wapi tumeshawahi kuona mbuzi na vazi vikitumika kumdanganya baba. Jibu liko sura ya 27: Yakobo alivaa nguo za Esau na ngozi za wana-mbuzi mbele ya Isaka asiyeona. Sasa wanawe wanachovya kanzu katika damu ya mbuzi na kumletea yeye. Sura inayofuata, Yuda, aliyetoa shauri la kumuuza nduguye, anamwahidi Tamari, mkwe wake mjane, mwana-mbuzi na yeye mwenyewe anakamatwa kwa vitu vyake alivyoweka rehani. Hii ndiyo sababu naweka sura za 37 na 38 katika kipindi kimoja. Wengi huiruka ya 38 wakidhani imeingia hapo kwa bahati mbaya.

Katika 47:13–26, Yusufu anawauzia Wamisri nafaka mpaka fedha inaisha, kisha mifugo, kisha ardhi, kisha wao wenyewe wanakuwa watumwa wa Farao na kutoa sehemu ya tano ya mazao. Uliza: huyu ni mwokozi wao, au ni nini? Wao wenyewe wanamshukuru (47:25). Msiharakishe kulijibu.

Onyo: ukiuliza, subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Mwongozaji anayejijibu mwenyewe anawafundisha watu kunyamaza.

Hatua ya 7: Maisha yetu yaje mwishoni

Dakika 15 za mwisho ndizo za kuuliza: haya yanatugusa wapi? Kila mtu ajisemee yeye. Sentensi zinazoanza na “watu wa siku hizi” zizuie kwa upole, kwa kuwa anayesema hivyo kwa kawaida hajijumuishi. Asiye na la kusema anapita.

Hatua ya 8: Fungeni kwa wakati

Mtunza muda akisema, mnafunga, hata mjadala ukiwa umepamba moto. Tajeni kifungu kijacho, tajeni atakayeongoza, na kama sala ni desturi yenu, salini. Uongozi uzunguke kuanzia kipindi cha nne au cha tano; kikundi kinachomtegemea mtu mmoja huishia siku anayosafiri.

Sehemu zinazohitaji uangalifu

*Siku sita.* Watakuwepo wanaoamini ni siku za saa 24, watakaosema ni vipindi virefu, na watakaosema sura imepangwa kwa ufundi kutuonyesha utaratibu wa Mungu kuliko kutupa kalenda. Toa dakika kumi, kila upande useme kwa mtu mmoja, kisha uliza swali ambalo pande zote zinaweza kulijibu pamoja: kwa nini siku ya saba ndiyo pekee isiyo na “ikawa jioni, ikawa asubuhi”?

*Laana ya Nuhu, 9:18–27.* Hapa simama muda mrefu, hata kama mtachelewa. Kwa karne nyingi kifungu hiki kiliitwa “laana ya Hamu” na kikatumika kuhalalisha utumwa wa Waafrika, na bado wapo wanaoamini kimyakimya kwamba Biblia inasema hivyo. Kisomeni neno kwa neno. Anayelaaniwa ni Kanaani (9:25). Hamu ana wana wanne, Kushi, Misraimu, Putu na Kanaani (10:6), na laana inamtaja mmoja tu. Kushi, ambaye jina lake ndilo la nchi iliyo kusini mwa Misri, hayumo. Rangi ya mtu haitajwi popote. Anayelaani ni Nuhu aliyeamka kutoka katika ulevi, ilhali Mungu mwenyewe alikwisha kumbariki Nuhu pamoja na wanawe, Hamu akiwemo (9:1). Acha watu waione mistari hiyo kwa macho yao na kuisoma kwa sauti zao. Hii ni mojawapo ya sababu kubwa za kukisoma kitabu hiki kwa pamoja.

*Sura za 19, 34 na 38.* Kuna ubakaji, kuna baba anayetoa mabinti zake kwa umati, kuna mjane anayenyimwa haki. Tangaza wiki moja kabla, na useme wazi kwamba asiyetaka kuja siku hiyo hatahojiwa. Usimwombe mtu yeyote atoe mfano wa maisha yake. Kuhusu Dina, binti wa Yakobo aliyebakwa, usiruhusu mjadala wa “Dina alikwenda huko kutafuta nini?”, rudisha swali kwa aliyetenda. Mwelekeze kila mtu aone kwamba katika sura yote ya 34 Dina hapewi neno hata moja la kusema, wakati ndugu zake, Shekemu aliyembaka na Hamori baba yake Shekemu wote wanazungumza juu yake. Na katika 38:26 ni Yuda mwenyewe anayekiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye.

*Wanawake wasio na watoto.* Sara (Sarai wa awali), Rebeka na Raheli wote wanangoja. Rebeka anangoja miaka 20, maana Isaka anamwoa akiwa na miaka 40 na mapacha wanazaliwa akiwa na 60 (25:20, 26). Katika kikundi chako huenda yupo anayengoja na hajamwambia mtu. Usiseme, wala usiache wengine waseme, kwamba kila anayeomba hupata. Kitabu hakisemi hivyo.

Mkikwama

*Mtu mmoja anasema kila kitu.* Zungumza naye pembeni, si mbele ya watu. Mpe kazi: awe mtunza muda au mchora ukoo. Katika kipindi sema: “Tuwasikie wawili ambao hawajasema.”

*Hakuna anayesema.* Huenda swali lako ni kubwa mno. Rudi kwenye lile la mtoto: nani yuko kwenye hadithi hii? Au wagawe wawiliwawili kwa dakika tano kisha warudi.

*Hawakusoma nyumbani.* Usiwagombeze. Ongeza muda wa kusoma kwa sauti, punguza maswali yawe mawili. Ikijirudia kila wiki, mafungu ni marefu, kata.

*Orodha za vizazi zinawachosha.* Wape kazi ya kutafuta. Katika sura ya 5, kila mtu kabla ya Nuhu anamalizikia na “akafa” isipokuwa mmoja: ni nani hamalizikii hivyo? (Henoko, 5:24.) Kisha mpeni anayependa hesabu kazi hii: Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, na gharika ilikuja Nuhu akiwa na 600 (7:6). Jumlisha, linganisha na umri wa Methusela wa miaka 969, na uone alikufa mwaka gani. Sura za 10 na 36 na orodha ya 46:8–27 zisomwe nyumbani tu.

*Madhehebu tofauti, au dini tofauti.* Hili linawezekana kabisa. Yupo Mwislamu anayemjua Nabii Yusufu vizuri kutoka sura ya 12 ya Qurani, na maarifa yake ni msaada. Kanuni ni ileile: kwanza tumalize kuona Mwanzo inasema nini, kisha tulinganishe, na lengo la kulinganisha ni kuelewa. Anayekuja kuwageuza wenzake aambiwe wazi kwamba hapa si mahali pake.

*Umeulizwa usichokijua.* Sema “sijui”, andika kwenye viporo. Mistari kama 6:1–4, juu ya wana wa Mungu na binti za wanadamu, imewagawa wasomaji tangu kale, na kikundi chenu hakiwajibiki kuimaliza.

*Mmechelewa na ratiba.* Unganisheni 20–21 na 22–23, mkichagua 21 na 22 kuwa ndizo za kusoma kwa sauti. Sura ya 26 inaweza kupita kwa kusimuliwa na mtu mmoja kwa dakika tatu. Sura ya 38 na mazungumzo ya 44:18–34, Yuda anapojitoa abaki badala ya Benyamini, msiyakate kwa hali yoyote. Bila ya kwanza hamtaona Yuda amebadilika kiasi gani katika ya pili.

*Watu wamepungua hadi watatu.* Endeleeni. Watembelee au wapigie waliokosekana, usiwatumie ujumbe wa lawama kwenye kundi. Mwambie kila mmoja mlipofika na kifungu kijacho. Mwanzo wa simulizi ya Yusufu, sura ya 37, ni mlango mzuri wa kumrudisha aliyetoka au kumkaribisha mgeni, kwa hiyo utangaze wiki mbili kabla na uandae muhtasari wa nusu ukurasa wa yaliyotangulia.

*Mmefika 50:26, sasa?* Kipindi kimoja zaidi, kisicho na kifungu kipya. Tandazeni karatasi ya ukoo na ile ya viporo, pitieni maswali yaliyobaki, na kila mtu ataje mstari mmoja anaotaka urudiwe kusomwa. Halafu amueni kwa kura kama mnaendelea na Kutoka, na nani ataanza kuongoza.